Usiku Mmoja Chini ya Malaika

Sutmar, 3 Machi 2024

Mpwa wangu Tonka,

Pokea salamu za Sutmar nzima, maana nikiandika mimi, mji wote husimama nyuma ya kalamu. Afya yangu ni chuma. Daktari wa hapa alinisikiliza moyo akasema angependa kuuazima. Bibi yako Perina naye hajambo, anailalamikia miguu na huu upepo wa bura, kama wazee walivyolalamika tangu enzi za Nuhu. Na huko Galway je, mvua bado haijakuotesha magamba?

Sasa sikia. Lile jumba la Kaporić pale gatini, lililokaa miaka yote likiwa la njiwa, limekuwa hoteli. Si hoteli ya kushushia mabasi. Ni ya wale wenye pesa zisizopiga kelele: vyumba vichache, mawe yamesuguliwa hadi yananukia sabuni, na binti mlangoni anayekuuliza maji unayataka yenye mapovu au yaliyotulia. Nilikuwa napita zangu, meneja akanivuta ndani mwenyewe. Nikamwambia, Bwana Damir, kile chumba chako kikubwa chenye malaika waliochorwa darini, ndimo alimozaliwa mama yangu. Nusura apige magoti. Tangu siku hiyo hatundiki sufuria bila kuniuliza. Na amempata mtu wa kumwuliza. Mimi, mpishi wa meli, ndimi niliyekaanga samaki katika dhoruba ya Ghuba ya Biskaya, meli imelala ubavu, sahani zimesimama kama ukuta, na tone la mafuta halikumwagika.

Mama anatimiza tisini mwishoni mwa Aprili. Wewe mwenye mshahara wa huko, mpe zawadi ya usiku mmoja katika chumba kile. Mtu arudi alikotoka kabla hajafumba macho. Nilipomweleza alisema, "Vicko, niache na kuku wangu." Unazijua haya za wazee. Aliyenyang'anywa nyumba na serikali huogopa hata kuitazama.

Mjomba wako,
Vicko

*

Galway, 24 Machi 2024

Mjomba Vicko, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako zote, na Bibi pia. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imechubuka kwa dawa za kusafishia. Huku nako natandika vitanda vya watu hotelini, kwa hiyo usidhani mshahara wa kaskazini unaokotwa barabarani.

Chumba nimekilipia. Mjomba, mimi nimekulia ndani ya hadithi ya jumba lile. Shuleni nilimng'oa nywele mtoto wa mwenye duka la mikate kwa sababu alisema sisi si watu wa Kaporić. Lakini Bibi mwenyewe sikuwahi kumsikia akilitaja. Tukienda misani alivuka barabara ili asipite chini ya roshani yake. Siku zote nimedhani ni uchungu wa mtu aliyeporwa. Ikiwa ndivyo, basi na alale humo walau mara moja kama mwenye nyumba.

Ila nina masharti. Akikataa tena, mwache. Na akikubali, usimwache peke yake. Lala kwenye kiti kando ya kitanda chake, akifumbua macho akuone. Ni hilo tu ninaloliomba.

Mpwa wako,
Tonka

*

Sutmar, 5 Mei 2024

Mpwa wangu Tonka,

Marahaba, na uishi hadi meno yaote upya. Huku sote tu salama, na habari zangu zinahitaji karatasi pana kuliko hii.

Mji haujawahi kuona jambo kama lile. Nilimvika mama gauni jeusi na hereni za marijani. Alitaka kuvaa aproni yake juu, nikamwambia mama, leo hapana, leo wewe ni bibi wa jumba. Nikaitundika kambani nyumbani ili asiifuate. Pale sebuleni nilimweka kwenye kiti kirefu cha mahameli, na wageni wakaja mmoja mmoja: Wadenmaki wawili, daktari wa Vienna na mkewe, na bwana mmoja mwenye saa ya thamani ya trekta. Wote walimbusu mkono. Yeye kila mara akauvuta na kuuficha chini ya meza, kwa ule unyenyekevu wa watu waliozaliwa pakubwa. Mimi nikawahadithia habari za baba yake, kapteni, aliyezunguka Rasi ya Horn, ncha ya Amerika Kusini, kwa tanga moja na mbwa kipofu. Mke wa daktari alilia hadi akaazimwa kitambaa.

Alikula kijiko kimoja cha rožata, ile tamutamu ya mayai na maziwa, akalala usingizi wa askofu. Usiwe na shaka kuhusu lile ombi lako, nilikuwa karibu naye muda wote, ghorofa moja tu chini, pale wanapouza mvinyo, nikijibu maswali ya wageni.

Asubuhi aliteleza kidogo kwenye ngazi za nyuma. Mguu tu. Yuko hapa kwangu amepumzika, anatunzwa kama yai.

Mjomba wako,
Vicko

*

Galway, 19 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Nakusalimu kwa haraka. Simu yako haipokelewi. Bibi alikwenda kufanya nini kwenye ngazi za nyuma? Za mbele ndizo pana, na zina zulia, nimeziona kwenye picha za hoteli. Mguu umevunjika au haukuvunjika? Nani anamgeuza kitandani? Mtu wa umri wake akilala chali bila kugeuzwa, kifua huziba. Nijibu. Nikitakiwa kuja, nitaomba ruhusa kazini leo leo.

Mpwa wako,
Tonka

*

Sutmar, 9 Juni 2024

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Kaa kitako kwanza. Nakusalimu kwa mkono mzito.

Bibi yako ametutoka, siku ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, kengele zote zikilia, hata padri akasema si kila mtu hupigiwa kengele kama hizo. Kilikuwa kifua, si mguu, kwa hiyo usiwe na mawazo. Sikukupigia simu kwa sababu simu hula maneno, na pia nilijua utakimbilia nauli, na nauli za msimu huu ni za kukata shingo.

Mazishi nilimfanyia ya kifalme. Bendi ya zimamoto ilicheza, mpiga tarumbeta akaniambia hajawahi kupuliza kwa machozi namna ile. Matangazo ya msiba nilichapisha makubwa kuliko ya meya, yenye fremu nyeusi mara mbili: *Bibi Perina, wa Jumba la Kaporić.* Yamo ubaoni kanisani, sokoni, na kwenye nguzo ya gatini. Bwana Damir aliniomba kwa heshima nisibandike langoni pake, kwamba wageni hawapendi kunywa kahawa wakitazamana na marehemu. Nikamkubalia. Watu wakubwa huelewana.

Usije sasa. Njoo majira ya baridi, bei ikishuka, tumkumbuke vizuri.

Mjomba wako,
Vicko

*

Galway, 23 Juni 2024

Mjomba,

Unamkumbuka Dinka, niliyekaa naye dawati moja. Anasafisha vyumba katika hiyo hoteli unayomwelekeza meneja pa kutundika sufuria. Nimezungumza naye.

Asubuhi ile aliingia chumba cha malaika akakuta kitanda kimetandikwa, pembe za shuka zimekunjwa na kukazwa kwa namna ambayo hata sisi tunaolipwa kwa kazi hiyo hatuiwezi. Hakuna aliyekilalia. Bibi alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango, mgongo ukutani, viatu mkononi ili asichafue zulia. Alikuwa hivyo tangu jioni, bila mtu. Akamwuliza Dinka, "Bibie, nimemaliza. Naruhusiwa kwenda nyumbani?"

Dinka alishuka mbio kukuita. Ulikuwa mezani na Wadenmaki, samaki wako wakiwa bado hewani huko Biskaya. Ukamwambia mama yako ni mcheshi, anatania, mwache. Ukamaliza hadithi.

Dinka aliporudi juu, Bibi alikuwa ameshachota shuka chafu zote kwenye kigari cha Dinka, amezikumbatia hadi hazimwonyeshi njia, anashuka ngazi za nyuma kutafuta pipa la kufulia. Pipa halipo siku hizi. Mahali pake wameweka chupa za mvinyo, na zile ngazi zimesuguliwa zipendeze.

Nilimpigia bibi yake Dinka. Alianza kwa kucheka, kisha akaacha. Akasema, "Mwanangu, mji mzima unajua. Perina alizaliwa chumba cha kufulia. Mama yake aliwafulia akina Kaporić, na pipa akamrithisha yeye. Tulimwacha Vicko aseme, kwani hadithi zake zilikuwa hazijamuumiza mtu."

Usingizi wa askofu, uliniandikia.

Mimi natandika vitanda vya watu ili nipate pesa, na pesa hizo nikazitoa ili bibi yangu wa miaka tisini arudishwe kazini. Nililipa mapema, nikaongezea na maua.

Tonka

*

Sutmar, 28 Julai 2024

Mpwa wangu Tonka,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Salamu za hapa ni joto na inzi. Kuku ni wazima. Mimi ni mzima pia.

Watu wanasema mengi, na bibi yake Dinka ana miaka tisini na miwili, mwaka jana alimwita paka wake kwa jina la marehemu mumewe. Mama alizaliwa pale. Hilo hata huyo bibi amelikubali, sijui kwa nini mmekazania chumba. Jumba ni jumba. Darini na chini ni mawe yale yale. Na mimi je, nilipokuwa mdogo nikiitwa mwana wa pipa mbele ya darasa, ulikuwepo wewe? Nilitafuta neno la kuwajibu nikalipata, na wewe umelitumia neno hilo utoto wako wote, umeng'olea watu nywele.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo.

Jumatatu nilipita kanisani nikakuta tangazo langu limebandikwa jingine juu yake. Dogo, fremu moja. *Perina, mfuaji nguo. Anaombolezwa na mjukuu wake Tonka.* Basi. Kama vile hakuzaa. Sokoni hivyo hivyo, na gatini. Na langoni pa hoteli pia, nimesikia, Damir amekwangua asubuhi nzima na gundi haitoki.

Kwa hiyo ulikuja Sutmar. Kuku walipiga kelele alfajiri nikadhani mbweha, nikageukia upande wa pili. Nilipotoka, aproni ya mama haikuwepo kambani. Ilikuwa hapo tangu siku ile nilipoitundika, sikuwa nimeitoa. Ungegonga mlango ningekupa. Ningekutafutia na hereni.

Watu wameuliza. Nimewaambia ndiyo, alikuja, alifikia kwangu, nilimkaangia dagaa na mboga ya blitva, tukakaa hadi mvinyo ukaisha, tukacheka. Jirani yangu Zorka anaapa alikusikia ukicheka.

Yale matangazo yako sijayabandua.

Mjomba wako,
Vicko