Majani Yasiyo na Tundu

Mayu, uliyemzaa mke wangu,

Mwangaluka. Salamu hii ya asubuhi sikuwahi kukupa ana kwa ana siku zote ulipokuwa hai. Nilikuwa naipitisha kwa Minza, binti yako, naye anakuletea jikoni kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae. Kwetu Wasukuma mwanaume hasimami mbele ya mama mkwe, halili naye, hamshiki mkono, na jina lake halitamki. Leo nakuandikia moja kwa moja, mimi na wewe. Barua hii naiacha wazi, waisome wanao na ukoo wote wa Mwamanyili, maana kuna jambo tulilificha sisi wawili, na tangu tukuzike naona kuendelea kulificha ni kumnyima Mungu sifa yake.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu Somanda, hapa Bariadi? Minza alikuwa na mimba ya kwanza. Damu ilikuwa imempungua, viganja vimepauka kama vya mtu aliyefua kutwa, akisimama anashika ukuta. Hospitali walimpa vidonge, wakamwambia ale na mboga za majani kwa wingi. Ukashuka kwenye gari na kinu chako kichwani, kana kwamba Bariadi nzima hakuna kinu. Mimi nilipoona kinu kinaingia uani nikakimbilia ndani, nikajigonga kwenye mlango wangu mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, sebule ndogo na ua mmoja. Watu watakwepana vipi hapo? Minza akiwa macho alikuwa mdomo wetu. Akilala, tulibaki na yule mbuzi jike wa kahawia mwenye sikio lililochanika. Sijui nani alianza. Nakumbuka tu asubuhi moja nakusikia jikoni ukisema, "Mbuzi, mwambie mwenye mji maji yameisha." Mbuzi akatafuna. Mimi nikabeba ndoo.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Pamba tulimuuzia yeyote mwenye mizani, na madukani kulijaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwenye kalenda tu. Umeme nao ulikuwa ndio kwanza umefika mtaani kwetu. Basi nikanunua blenda kwa kijana aliyekuwa akileta mitumba kutoka Mwanza. Jagi lilikuwa na ufa, lakini nilijiona nimemletea mke wangu daktari nyumbani.

Hapo ndipo vita yetu ilipoanza. Wewe ulikuwa unatwanga matembele kwenye kinu, unayafunga kwenye kitambaa cheupe na kuyakamua, yanatoka maji ya kijani, mepesi. Makapi unampa mbuzi. Mimi nilikuwa nasaga kila kitu pamoja, kinatoka kitu kizito chenye nyuzi, na Minza anakitazama kama adhabu.

"Mbuzi," ulisema, "mwambie mwenye mji, mgonjwa wake ni mtu. Nyasi ni chakula chako wewe."

"Mbuzi, mwambie mama, nguvu iko kwenye makapi. Mashine haitupi kitu."

"Muulize, na muwa huwa anaumeza na maganda yake?"

"Mwambie muwa siyo mboga!"

Minza akawa anacheka kitandani, ameshika tumbo. "Jamani, mtaniua kwa kicheko kabla damu haijaniua." Kauli hiyo ilikuwa inanichoma. Kila usiku nilikuwa napiga magoti nikimwomba Mungu asinichukulie mke. Ubishi wangu wote ulikuwa hofu tu, Mayu. Nadhani wewe ulilijua hilo, ndiyo maana hukuwahi kukasirika.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Nilitoka misa ya asubuhi nikapitia sokoni. Nikakuta fungu la matembele, yaani sijawahi kuona! Mapana, yanang'aa, hayana tundu hata moja. Ya kwako, yale uliyoyapanda pale yanapopita maji ya kuoshea vyombo, wadudu walikuwa wameyatoboa kama chujio. Nikaja nayo kifua mbele. Nilipofika uani nikasema kwa sauti, ili uyasikie maneno huko jikoni: "Mbuzi, ona mboga za watu wenye akili. Zile za jana zilikuwa chandarua."

Ukajibu bila kutokeza kichwa: "Mwambie, mboga ambayo hata mdudu ameikataa, sisi nani tuipokee?"

Nikacheka. Nikamtupia mbuzi vikonyo vyote na majani machache, mengine nikayasuuza harakaharaka, nikaingia sebuleni kwenye mashine.

Siku hiyo nilisaga kwa muda mrefu ili nyuzi ziishe, nikushinde. Ile mashine ilikuwa inanguruma hadi vikombe vinatembea mezani. Nikazima, nikamimina glasi, nikaingia chumbani. Minza akajiinua, akaziba pua kwa vidole viwili kama kawaida yake, akafungua mdomo. Glasi ilikuwa karibu na midomo yake hivi.

"Maduhu!"

Hakuna siku niliyowahi kusikia jina langu kwa sauti yako. Nikageuka, na wewe ulikuwa chumbani. Chumbani kwangu, Mayu! Kichwa wazi, khanga imedondoka njiani. Ukanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu za mtwangaji, kile kinywaji cha kijani kikamwagika juu ya mikono yetu yote miwili. "Maduhu, usimpe! Mbuzi anakufa!"

Nikwambie kweli leo? Wakati ule kilichonishtua siyo sumu. Ni mkono wako. Nilisimama kama gogo. Nilidhani ulimwengu umepasuka, nikawa nawaza eti wazee watasema nini, na huku kifo kiko kwenye glasi niliyoishika mwenyewe.

Kisha nikatoka uani. Yule mbuzi alikuwa amelala ubavu, povu limemtoka mdomoni, miguu inatetemeka. Nikarudi kulinusa lile jagi. Mtoto aliyekulia Sola kwenye mashamba ya pamba hahitaji kuambiwa. Ilikuwa harufu ya dawa ya kupulizia pamba. Kwenye jani zima ilijificha, mashine ilipolipasua ikajitokeza, na mimi kwa haraka zangu nilidhani ni umeme unaunguza waya.

Minza aliniambia baadaye kwamba kupitia dirishani alikusikia ukipiga kelele, "Mbuzi, mwambie! Mbuzi, mwambie!" Akadhani ni utani wetu wa kila siku. Mimi kwa mngurumo ule sikusikia kitu. Midomo yako ilikuwa imezoea hivyo, Mayu. Hata kwenye hatari ulimtafuta kwanza mjumbe, na mjumbe mwenyewe ndiye aliyeanguka. Ndipo ukakimbia.

Tuliponawa kwa sabuni ukajifunika khanga hadi usoni. Ukamwendea mbuzi, ambaye sasa hasikii tena, ukanipa mimi mgongo huku ukimwambia kwa sauti ya chini: "Mwambie hakuniona. Na mimi sikumwona."

Nikamjibu mbuzi, "Nimesikia."

Nilirudi sokoni mbio. Yule mama muuzaji aliposikia akaweka mikono kichwani. Aliyachuma pembezoni mwa pamba ya jirani, hakujua kama imepulizwa. Siku zile dawa ilikuwa inauzwa popote, inapimiwa kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi ya maelezo, na aliyepuliza haoni sababu ya kumwambia wa pili. Akamwaga mboga zote chini, tukazunguka naye nyumba kwa nyumba kwa waliokuwa wamenunua. Kwa neema ya Mungu wote tuliowafikia walikuwa hawajapika. Mbuzi tulimfukia kwenye shimo refu, na majirani wakatucheka: "Maduhu ametajirika, anazika nyama!" Nikaongeza udongo.

Ulikaa hadi Minza akajifungua. Vidonge vya hospitali alimeza bila kukosa, na mboga ulimpikia kwa karanga, zile za kwako zenye matundu. Kinu ulikirudisha kazini pia, na mimi nikawa nakusikia ukitwanga, nashukuru kila pigo. Hatukuwa na mbuzi tena, na ukimya wa ua ule uliniumiza. Ulipotaka kuondoka nikanunua mwingine, mweupe, nikamfunga mlangoni pa jiko ili akuage kwa niaba yangu. Ukamwambia, "Mwambie mwenye mji, wabeja, asante sana. Na ajifunze kupenda wadudu." Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Binti tulimpa jina lako. Kwa hiyo mwanangu wa kumzaa sijawahi kumwita kwa jina, namwita Mayu. Wenzake shuleni walikuwa wanamtania kwamba baba yake anamwamkia kama mama. Sasa ni mtu mzima, ana nyumba yake hapa hapa Bariadi, na anazo mashine mbili mezani, moja ya kukamua na kutenga makapi, nyingine ya kusaga vyote. Juzi, baada ya mazishi yako, aliniuliza, "Baba, kwa mchicha ipi bora, ya kukamua au ya kusaga?"

Vita yetu yote ikanirudia. Ningemwambia bibi yake alikamua, mimi nilisaga. Lakini siku ile kukamua kungetoa sumu, na kusaga kungetoa sumu. Nikachukua jani moja kwenye beseni, nikaliinua dirishani kwenye mwanga. Lilikuwa na matundu matatu madogo. "Hili limetoka shamba gani?" nikamuuliza. Akasema ni la kwake, nyuma ya nyumba. "Basi tumia yoyote. Na mengine uyapike."

Akanitazama. "Baba, mbona hulishushi hilo jani?"

Sikuweza kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Kule kwenu Mwamanyili, siku ya mazishi, nilisimama mbali, nyuma ya wanaume, kama inavyompasa mkwe. Watu walipita mmoja mmoja kukuaga, na mimi sikusogea. Nikarudi nyumbani nikiwa nimetimiza adabu yote, na moyo wangu ukakosa usingizi. Uliivunja desturi kwa ajili ya mtoto wako, na leo naamini kwa ajili yangu pia. Uliniita kwa jina langu mara moja tu katika maisha yako, na mimi nikasimama kama gogo, sikuitika. Mungu akupokee, mama yangu, akulaze panapo maji mengi na mboga zisizo na hila.

Mimi naitika sasa, mbele ya ukoo wote, nao wanisamehe.

Naam, Nkwimba. Nimesikia.

Mkweo,
mume wa Minza