Lifti Niliyoiandikia SALAMA

Mwenzangu, uko wapi? Nimeaibika leo.

Ile programu yangu ya kukagua mitambo ya lifti. Kazi yake ni kutafuta kama kuna namna yoyote lifti itaondoka mlango ukiwa wazi. Majibu yake ni matatu: ipo, haipo, au sijui, muda umeniishia.

Mimi nilitaka programu ionyeshe majibu yote matatu. Bosi akakataa. "Weka ndiyo au hapana, wateja hawataki mafumbo." Nikakubali kama zuzu. Kila "sijui" nikaihesabu kuwa "haipo".

Leo mbele ya wateja skrini ikaandika SALAMA, kijani kabisa. Fundi wao, mzee mmoja mpole, akaniuliza, "Hapo imekagua ikamaliza?"

Nikafungua kumbukumbu za programu. Sijui. Sijui. Sijui. Haikuwa imemaliza hata mara moja.

Bosi akawageukia wateja, eti, "Hiyo kaandika yeye." Yeye. Yaani mimi, na amri ya ndiyo au hapana ilikuwa yake.

Fundi hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, anayeingia kwenye shimo la lifti ni mimi."

Nimerudi mezani, nikaweka majibu matatu bila kumwomba mtu ruhusa, nikaipa muda wa kutosha. Baada ya saa mbili imejibu: ipo. Vitufe viwili vikibonyezwa pamoja, lifti inaondoka mlango wazi.

Nimempigia fundi asiikaribie. Amenishukuru, mwenzangu. Heri angenitukana.