Kamera Inaangalia Ninapoangalia

Jumapili, Kasulu. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa, saa tisa mchana, inanyesha ile ya kujivuta, haizidi wala haipungui. Nimevaa sweta na soksi kama mgonjwa. Miaka minne nipo huku na mtoto wa Tanga mie sijaizoea baridi hii. Moyo mzito. Chai imepoa mara mbili.

Nilikaa hapa ili nimjibu msomaji mmoja wa blogu hii, aliyeko Kibondo. Aliniandikia wiki iliyopita, kwa adabu kabisa: "Dada, nimepata baiskeli, sasa natamani na kamera kama yako. Inafaa kweli, au ni mbwembwe tu?" Nikasema hili jepesi, nitalijibu Jumapili nikiwa nimetulia.

Haya. Najaribu.

Kaka wa Kibondo, usiifunge kamera kwenye usukani. Kwa barabara zetu hizi utapata video ya kutapisha watu. Ukiifunga kifuani utaona magoti yako yakipanda na kushuka saa nzima, na mie magoti yangu nayajua. Ifunge juu ya helmeti. Vumbi letu jekundu litaingia kwenye kifuniko cha betri, kwa hiyo tembea na mswaki uliochakaa. Upepo utakula sauti yote, basi kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo ubandike kwenye maiki, utasikia hadi ndege. Mie nilibandika. Jana nimejuta kubandika, kisha nikashukuru, kisha nikajuta tena.

Ila helmeti ina jambo ambalo dukani hawakwambii. Kamera inaangalia unapoangalia. Ukigeuza shingo, nayo imegeuka. Ukitazama kitu mara mbili, kimetazamwa mara mbili, na kimehifadhiwa.

Nimefika hapo nikashindwa kuendelea. Kwa hiyo kaka, nisamehe, majibu yako yamekuwa shajara yangu.

Kamera alininunulia Saidi, mume wangu. Yeye yuko Tanga na duka lake, mie niko Kasulu na chaki zangu. Kila mwaka natafuta mwalimu wa kubadilishana naye kituo, na kila mwaka naambiwa lile lile, kwamba hakuna aliyeko Tanga anayelilia kuja Kasulu. Tunaonana likizo. Mwaka juzi bodaboda alinigonga karibu na soko, si sana, nilichubuka kiwiko tu, lakini Saidi alilia kwenye simu kama mtoto. Likizo iliyofuata akanipa kiboksi kile. Akasema, ukiendesha rekodi, nami nitakuwa kama nipo nyuma yako kwenye keria.

Wallahi mwanzoni ilikuwa raha. Kila Jumamosi asubuhi natoka mjini, nashika njia ya Rungwe Mpya, nafika nusu, narudi. Jioni naipandisha video mahali ambapo wote wawili tunaiona. Jumapili asubuhi yeye anaitazama huku anakula maandazi, kisha ananipigia. "Wiki ijayo simama kidogo pale bondeni, nataka kuona ukungu unavyopanda." Nasimama. Mtu yuko mbali kiasi kile na anaomba ukungu, utamnyima?

Nyinyi wasomaji mnazijua zile video fupi nilizokuwa naweka hapa. Mlizisifia. Nilivimba kichwa.

Sasa kuna nyumba moja ipo juu kabisa ya mlima wa kwanza, pale ambapo kila mwendesha baiskeli anafika ulimi nje. Mbele ya nyumba kuna meza ya Mama Yakobo, anauza maparachichi na ndizi mbivu. Ubavuni mwa meza kuna kibanda cha mwanawe, Yakobo, fundi baiskeli. Na ukutani, kwenye kigoda, alikuwa anakaa mzee mwenyewe, Baba Yakobo, anaota jua.

Mara ya kwanza kupita pale niliwapungia mkono nikiwa juu ya baiskeli, kwa tabasamu la mjini. Yule mzee akanyanyua fimbo. "Banza ushuke, mwalimu," akasema, yaani nishuke kwanza. "Shuka tukuone."

Nikashuka. Ndipo nilipojua kwamba hapa mtu hasalimii kutoka juu ya baiskeli, labda kama anakimbizwa. Unashuka, unaegesha, unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu, yale ya viganja vilivyopinda, na mwenzako anapiga yake. "Mwakeye," yaani umeamkaje. Halafu zinafuata habari, moja moja: za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, za ng'ombe kama unao. Sina watoto, sina ng'ombe, lakini nilijibu zote. Mzee alicheka akasema nina makofi ya kukanda unga. Tangu siku hiyo nikawa nashuka kila Jumamosi, na makofi yangu yakaanza kuitika.

Sasa fikirieni mtu mwenye kamera kichwani akiinama.

Picha inashuka. Kutoka usoni mwa mtu, kifuani, hadi miguuni. Mbele ya Yakobo nikiinama, video inaonyesha ndala za Yakobo, halafu makofi, halafu inapanda tena polepole hadi kwenye uso wake unaocheka. Mie nikiwa pale ilikuwa salamu. Saidi akiwa Tanga na andazi mkononi aliona kitu kingine.

"Huyu jamaa ni nani unayemwangalia kuanzia miguuni?"

Nilicheka, jamani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza mila ya watu wa huku, makofi, kuinama, yote. Akasema sawa, ameelewa. Wiki iliyofuata akasema ameelewa, lakini si lazima nishuke. Iliyofuata akasema nimekitazama kile kibanda mara tatu kabla sijafika. Alikuwa amehesabu. Nikamwambia ndicho kinachonionyesha kwamba mlima umeisha. Baada ya hapo akaniomba nifute namba ya Yakobo kwenye simu. Namba ya fundi! Nikafuta, ili yaishe. Nikaacha kamera nyumbani Jumamosi moja, na siku hiyo akanipigia mara kumi na kitu, hadi betri ya simu ikazima. Alipotulia akasema neno ambalo limenikaa shingoni mpaka leo: usipoirekodi, usiendeshe.

Si mtu mbaya. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, si kwa kumtetea. Ni mtu anayeogopa, na hofu yake ameipatia dirisha.

Basi nikawa naendesha kwa shingo iliyonyooka kama nimebeba ndoo ya maji. Sitazami kulia, sitazami kushoto. Nikifika pale juu nakanyaga kwa nguvu, napita. Mwanzoni nilijifanya nimechelewa. Mama Yakobo akawa ananipigia makofi yake hivyo hivyo kutoka mezani, nami namjibu kwa kupunguza mwendo tu. Baadaye hata mwendo sikupunguza. Dukani mtu akaniambia, kwa utani, "Mwalimu wa baiskeli siku hizi una maringo." Nikacheka naye. Nilirudi nyumbani nikalia.

Sasa jana.

Jana nilipanda mlima kama kawaida, macho kwenye barabara hatua mbili mbele ya tairi. Nilipokaribia juu nikasikia naitwa. "Mwalimu! Mwalimu!" Sauti ya Yakobo, naijua. Alikuwa akikimbia nyuma yangu. Alisema na maneno mengine, upepo ukayachukua. Nami nikapiga hesabu yangu chafu pale pale: ni Yakobo, nikigeuka kamera itageuka, na kesho nitaulizwa. Nikakanyaga pedali. Nikateremka upande wa pili, na mbele nikarudi kwa njia ya chini, yenye tope, ili nisipite pale tena.

Jioni nikaifungua video ili niipandishe. Huwa siitazami, mtu akatazame nini kwenye barabara tupu? Lakini lile jina langu lilikuwa linanisumbua. Nikaongeza sauti.

Pembeni ya picha, upande niliokataa kuutazama, kibanda kimefungwa. Meza haina hata ndizi moja. Uani kumejaa watu, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kuazima. Mama Yakobo amekaa ameegemezwa na mwenzake. Kigoda cha mzee kipo ukutani na hakuna aliyekikalia. Vyote vinapita upesi kwenye ukingo wa kioo, kisha inabaki barabara, na pumzi zangu, na viatu vya mtu anayekimbia nyuma.

"Mwalimu! Mwalimu! Mzee katutoka!"

Sponji ilifanya kazi yake. Neno lote limeingia, safi.

Nilipita msiba. Nilipita msiba wa mtu aliyenifundisha kusalimia, nikiwa juu ya baiskeli, mwanawe akinikimbilia kunipa habari, na nikaongeza mwendo. Mie, niliyelelewa kwa bibi aliyekuwa akisikia kilio mtaa wa tatu anaacha chungu jikoni. Bibi angenitema.

Na bado niliipandisha. Niandike na hilo, maana ndilo baya kuliko yote. Nililia, nikajifuta, nikaipandisha ile video kwa Saidi kama kila Jumamosi, kwa sababu isingefika angepiga.

Leo asubuhi amepiga. Sauti nyepesi, ya furaha, sauti ya zamani ile iliyokuwa ikiomba ukungu. Akasema, "Jana umenifurahisha, mke wangu. Nimemsikia yule akikuita, na hukugeuka."

Nikamuuliza kama alisikia alichosema yule.

"Alisema kitu? Mie nilisikia anakuita tu."

Nilitaka kumwambia. Mdomo ukafunguka. Nikasema mvua kubwa huku, mtandao unakatakata, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzima.

Tangu saa hiyo nimekaa na helmeti mezani. Nimeigeuza inatazama ukuta. Imezimwa, betri nimeitoa, na bado nimeigeuza. Nilipoona nimefanya hivyo nilijiogopa.

Watakuwa wamemzika leo, katika tope hili. Ningeweza kwenda. Ningechukua bodaboda, nikajitanda mtandio, nikakaa nyuma ya wanawake, nikarudi, asijue mtu wa Tanga. Niliwaza hivyo tangu saa nne. Lakini nikienda kwa kujificha nitakuwa nimekubali kwamba kuna ninachoficha, na hapo Saidi atakuwa amepatia miezi yote hii. Nikienda na kamera, nitainama mbele ya Yakobo kumpa pole, na picha itashuka miguuni mwake kama kawaida yake. Nikienda bila kamera, simu itaanza kuita kabla sijafika mlimani. Nimezunguka humu ndani kama kuku aliyefungwa mguu, nikifika mwisho wa kamba narudi.

Halafu mchana nikafungua video za zamani. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nikaikuta ya mwaka jana, Jumamosi moja ya jua. Mzee kwenye kigoda chake. Picha inashuka mpaka kwenye fimbo na miguu yake myeusi iliyopasuka visigino, makofi yanalia, yangu mabovu na yake yanayoitika, kisha inapanda hadi usoni na yeye anasema, "Sasa umeanza kuwa mtu wetu." Sekunde arobaini, labda. Sijui kama pale kwao kuna hata picha yake moja.

Kaka wa Kibondo, uliuliza kama inafaa. Ile inafaa. Sina kingine nilichorekodi kinachofaa zaidi ya zile sekunde, na nilizipata kwa sababu nilishuka. Zile saa nyingine zote, za shingo iliyonyooka, ni barabara tupu. Ukinunua, angalia unamrekodia nani. Na usikubali kurekodi kila safari.

Nimezihamishia zile sekunde kwenye simu yangu.

Kuna jambo moja sijawaambia wasomaji. Saidi ndiye wa kwanza kusoma hapa, siku zote. Kabla ninyi hamjaamka yeye ameshasoma na ameshaniambia nimekosea herufi wapi. Kwa hiyo mume wangu, hili nimeshindwa kukwambia kwa mdomo, lisome.

Yule aliyekuwa akiniita jana alikuwa anakuja kuniambia baba yake amefariki. Rudia video, ongeza sauti, utasikia. Tazama upande wa kulia utaona mikeka. Kesho nikimaliza kipindi cha mwisho nakwenda pale msibani kwa baiskeli, njia ile ile, mchana kweupe. Nikifika nitashuka. Nitainama mbele ya Mama Yakobo, na mbele ya Yakobo pia, na nitawaomba radhi kwa jana. Nitawaonyesha mzee wao akicheka. Kamera itabaki hapa mezani na sitakuwa na cha kukutumia. Ukipiga, sitapokea mpaka nirudi. Nakupenda, na shingo inaniuma.

Mvua imepungua. Nimeyasoma haya yote mara tatu na sijafuta kitu. Kimebaki kitufe kimoja tu, cha kuchapisha.

Bismillah.