Bibingka Isiyoumuka

Jumapili, 5 Novemba

Nimetimiza arobaini na minne leo. Sidro, mume wangu, kanipeleka ule mkahawa mpya wa ghorofani unaotazama daraja. Kare-kare! Wiki nzima naiwaza. Ikaja ya baridi. Mchuzi wa karanga mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo, mkia wa ng'ombe mfupa mtupu. Nikamwita mhudumu. Akasema mpishi wao anaipika kisasa. Kisasa! Sidro akala yake na yangu, maskini, nisione haya mbele ya watu. Halo-halo nayo: barafu, barafu, barafu, na punje tatu za maharage zimejificha chini.

Tuliporudi nikavua viatu, nikazungushia ndizi ngozi za unga, nikakaanga turon. Sukari ikashika vizuri, inapasuka mdomoni. Tumekula tumesimama palepale jikoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe.

Turon naiweza. Lumpia, zile roli za nyama, naiweza. Bibingka tu, mkate wetu wa mchele wa Krismasi, ndiyo imenishinda.


Jumatano, 8 Novemba

Nimejaribu tena. Kila mwaka Desemba ikinukia najaribu tena. Mwaka wa kumi na moja huu!

Nimefuata karatasi ya Mama neno kwa neno — mwandiko wake mwenyewe, aliniandikia nilipoolewa. Mchele uliolala majini, usagwe, tui zito, mayai, sukari, hamira ya unga kijiko kimoja. Jani la mgomba chini, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Nikapalia makaa mpaka macho yakaniwasha. Imetoka bapa. Bapa na ngumu, kama kawaida.

Nimeipeleka hivyo hivyo ofisini kwetu, kwenye usajili. Mzee Berto wa dirisha la vyeti vya vifo akaigonga mezani, akauliza kama niliileta ya kula au ya kuzuia mlango. Dirisha zima la vizazi likacheka. Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Nimempigia Mama. Kasema lile lile la siku zote: "Mkono wako mzito, Inday, binti yangu. Bibingka inataka mkono mwepesi. Usijitese, nitakutengenezea mimi."

Nimeitazama mikono yangu basini njia nzima.


Jumamosi, 11 Novemba

Wifi yangu Vangie amefungua mgahawa wake leo, kona ya kanisa. Mke wa Pulo, kaka yangu wa pekee. Bibingka tu, na chokoleti ya moto. Jamaa wote tulikuwepo, padri kanyunyiza maji ya baraka mpaka kwenye majiko.

Vangie huyu! Alipoletwa kwetu miaka tisa iliyopita hakujua hata kukuna nazi. Nilimfundisha mimi.

Nikaletewa yangu, inafuka moshi. Nikakata. Nikatia mdomoni.

Ya Mama.

Si kama ya Mama — ya Mama yenyewe. Laini, imejaa vitundu, na kile kichachu cha mbali kinachokuja mwisho, baada ya sukari. Machozi yalinilenga. Nikamuuliza Vangie, wifi, umefanyaje? Akanipiga kofi la bega: "Wewe nawe wifi! Unataka kunifilisi siku ya kwanza? Siri ya biashara hiyo!" Watu wakacheka.

Nikamtazama Mama. Alikuwa anachambua jani la mgomba kwenye sahani yake, uzi mmoja mmoja. Hakuinua macho.


Jumapili, 12 Novemba

Sikulala vizuri. Baada ya misa nimerudi pale peke yangu, nikakaa kiti cha upande wa majiko. Vangie alikuwa amenipa mgongo. Akachukua dumu jeupe, akamimina kitu chekundu kwenye unga. Upepo ukaniletea harufu.

Tembo la mnazi!

Tembo! Letu hili jekundu kwa gome la mkoko, la kila duka la mtaani, linalonywewa na kila mzee wa Mandaue hapa! Nikaacha sahani nusu, nikaja nyumbani mbio, nikatoa karatasi kwenye Biblia. Nikaisoma mbele na nyuma. Nikaiinua dirishani, labda maandishi yamefutika. Hakuna tembo. Hakuna palipofutika. Hamira ya unga, kijiko kimoja — na amepigia mstari chini, nisikosee.

Sidro anasema labda alisahau. Mama? Anayekumbuka nani alivaa nini kwenye mazishi ya Babu?


Jumatatu, 13 Novemba

Nimeomba ruhusa ofisini, nikasema tumbo. Jana jioni nilichanganya unga na tembo, nikaufunika. Leo asubuhi umejaa mpaka ukingoni mwa bakuli, unapumua.

Imeumuka! Imepasuka juu, ya dhahabu! Bado si ya Mama kabisa, kuna kitu kinapungua, lakini ni bibingka, mtu yeyote angeijua. Nilidhani nitaruka. Badala yake nimekaa sakafuni nikalia mpaka makaa yakawa majivu.

Miaka kumi na moja naambiwa mkono wangu mzito.


Alhamisi, 16 Novemba

Pulo amepokea simu mara ya nne. Alijua! Kila kitu! Mama alimfundisha Vangie miaka miwili iliyopita, meli aliyokuwa baharia ilipomrudisha Pulo nyumbani hana kazi. Siku tatu, jikoni kwa Mama, mlango umefungwa. Na Vangie akamwapisha Mama asimfundishe mtu mwingine. "Mtu mwingine" ndiyo mimi.

Nikamwambia, Pulo, mimi dada yako. Akasema, "Da' Doray, mbona unalikuza? Unga tu huo. Ukitaka bibingka si uje ule? Nani atakufukuza?"

Unga tu!

Nikamwambia karatasi yangu ni ya zamani kuliko ndoa yake. Vangie hakuwepo. Hakukuwa na kiapo. Kwa nini nilipewa ya uongo?

Nikamsikia akifunga mlango ili mkewe asisikie. Kisha akasema taratibu: hilo muulize Mama.


Jumamosi, 18 Novemba

Naandika haya uani kwa Mama, nimekaa juu ya beseni la kufulia lililopinduliwa. Nilikuja na shajara hii niandikie vipimo. Naandika ili nisiingie ndani nikapiga kelele.

Nilifika saa tatu, nikavua viatu kizingitini. Mama alikuwa anamwagilia maua. Sikumbusu mkono kama ada. Nikaweka karatasi mezani, nikaweka na chupa ya tembo juu yake. Akavitazama. Akasema mwandiko wake zamani ulikuwa mzuri.

"Mama, ulisahau?"

"Sikusahau."

Hivyo tu! Nilikuwa nimejiandaa kwa visingizio, kwa kilio, kwa ugonjwa wa moyo. Akavuta kiti. Akasema wewe ulikuwa na ofisi. Ulikuwa na mume, nyumba ya tofali. "Mimi nilikuwa na nini, Inday? Baba yenu amekufa, nyinyi mmeondoka. Desemba ikija watu wanapanga foleni pale getini, 'Nang Sion, Nang Sion, nibakizie miye.' Mwezi mmoja kwa mwaka jina langu linaitwa. Nawe ukiiweza, ukaipika huko kwako, nani angekuja hapa? Wewe mwenyewe ungekuja?"

Nikasema ningekuja.

Nikasema, ungeninyima basi. Ungesema hapana. Kwa nini uniambie mkono wangu mzito? Watu wamenicheka, Mama. Nimejicheka mwenyewe.

Hapo ndipo alipoiondoa chupa, akaigeuza karatasi kifudifudi. Hakusema samahani. Mama hajawahi kusema samahani kwa mtu aliye hai.

Na Vangie je? Mbona yeye alipewa? Akasema magoti yamekwisha, foleni haiwezi tena. Na Vangie alikaa hapa siku tatu, kasaga, kaungua vidole. "Wewe hukuomba kufundishwa. Uliomba karatasi."

Limenichoma, kwa sababu ni kweli. Lakini si kweli yote!

Kisha akainuka, akajifunga aproni, akanitupia nyingine. "Osha mikono. Mpaka kwenye kiwiko."

Akanifundisha! Kiapo na kila kitu, akakivunja hivyo hivyo, bila neno. Kinachopungua ni wali — wali wa jana, kiganja kimoja, unasagwa pamoja na mchele. Na tembo liwe la siku mbili, si la jana. Akaushika mkono wangu ndani ya bakuli, tukakoroga pamoja, mkono wake juu ya wangu. Nikamuuliza, mzito? Akasema, "Mwepesi. Siku zote ulikuwa mwepesi."

Sijui kama nilitaka kumkumbatia au kumsukuma. Nadhani vyote viwili.

Tumepalia makaa ya kwanza, tukasikia geti. "Maa! Nimekuletea tui!" Vangie.

Mama akageuka rangi ya majivu. Akanivua aproni kwa mikono yake, akaisokota chini ya sinki. Akanishika bega: toka nyuma, haraka, akikuona nimekwisha. Mimi! Nyumba niliyozaliwa! Na nimetoka. Nimepita mlango wa nyuma nimeinama, mtu na heshima zangu, unga mpaka kwenye viwiko.

Nawasikia. Vangie anasema harufu nzuri, Maa unapika ya nani? Mama anasema ya kwangu mwenyewe, nimetamani. Vangie anauliza mbona mabakuli mawili. Mama anasema moja lilikuwa na ufa.

"Uko na nani, Maa?"

"Na nani tena? Niko peke yangu."

Kalisema upesi. Sauti ile ile aliyoniambia mkono wangu mzito — tamu, haina hata ufa.

Vangie kaenda mlango wa mbele. Karudi. Anauliza viatu vilivyopo kizingitini ni vya nani.

Mama hajajibu. Sufuria zimenyamaza. Nami hapa, mtu mzima, nimebana pumzi nisije nikamharibia uongo wake.