Binti Yangu Anauliza Nilikuwa Napaka Nini

Mshauri mpendwa,

Nakuomba msaada katika jambo ambalo ukilisikia juujuu utasema bibi huyu amekosa la kuandika: nataka kujua ni krimu ipi ya kukinga jua ambayo mwanamke anaweza kuipaka usoni chini ya vipodozi, isiyomwasha, isiyomfanya aonekane kama aliyepakwa majivu, na isiyojiviringa kama uchafu wa kifutio pindi poda inapopita juu yake. Si kwa ajili yangu. Mimi ni mgonjwa wa figo, daktari ameshaniambia yale maneno ya upole wanayoyasema dawa zikiwa zimekwisha, na jua langu siku hizi ni lile linalopenya kwenye pazia. Ni kwa ajili ya binti yangu wa pekee.

Binti yangu hukaa mapokezi, katika ofisi ambayo ukuta wake wa mbele wote ni kioo, na meza yake iko pale pale jua linapopiga asubuhi, na kwa muda sasa uso wake umekuwa ukibadilika, mashavuni madoa meusi kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza, puani wekundu, ngozi imekuwa nyembamba hata mishipa inaonekana, na kila siku kabla ya kazi husimama mbele ya kioo cha kabati langu, maana chumbani kwangu ndiko kwenye mwanga mzuri, akipaka faundesheni juu ya krimu juu ya krimu nyingine, ile ya jua inajiviringa, anafuta, anaanza upya, na machozi yanamtoka si kwa kulia bali kwa kuwashwa. Juzi aliweka sifongo chini akanigeukia.

“Mama, hebu niambie ukweli,” akasema. “Wewe ulikuwa unapaka nini? Umesimama kwenye viwanja vya shule maisha yako yote na jua halikukugusa.”

“Maji na sabuni,” nikamjibu.

“Maji na sabuni!” Akacheka. “Basi mimi nilizaliwa zamu ya usiku.”

Mshauri, hayo maji na sabuni ni uongo, na ndiyo maradhi yenyewe.

Mimi nilizaliwa mweusi, mweusi wa kung'aa kama mama yangu mzazi, nikaanza kujichubua nikiwa chuo cha ualimu, kwanza kwa sabuni, kisha krimu ya kopo, kisha mkorogo niliouchanganya mwenyewe kwa kijiko cha chai, mimi ambaye nilikuja kufundisha baiolojia na kuchora ngozi ubaoni kwa chaki za rangi, tabaka la juu, tabaka la chini, na zile chembe nyeusi zinazotukinga na jua, nikiwaambia wanafunzi kwamba huo ndio mwavuli tuliozaliwa nao, huku wangu nimeuchana kwa mikono yangu. Mume wangu alinikuta tayari nimekuwa mweupe. Vifundo vya vidole ndivyo vilivyokataa, kama vinavyokataa kwa kila anayejichubua, vikabaki vyeusi, na mtu akiniuliza nikawa nasema chaki imenila. Binti yangu alipokuwa darasa la kwanza aligoma kuandika ubaoni, akalia mpaka nikaitwa kutoka darasani kwangu, sekondari ya jirani. “Sitaki vidole kama vya mama,” alikuwa anasema. Nikamfokea mbele ya wenzake kwa upuuzi, nikarudi kufundisha.

Kwetu niliacha kwenda, nikasingizia umbali. Picha zangu za utoto nikasema zililowa mvua. Mama yangu alikufa hajampakata mjukuu wake hata mara moja, kwa sababu angemshika mtoto yule na kila mtu angeona kwamba ni sura moja na rangi moja, na binti yangu alipoanza kuuliza bibi alifananaje nikamwambia alikuwa mweupe kunishinda, ndiyo damu ya upande wetu, wewe umemfuata baba yako. Shangazi zake walimwita Masizi. Ulikuwa utani tu, wakicheka, nami nikacheka nao, na mtoto akiniona nacheka akawa anacheka pia. Baba yake alijua. Hakuwahi kunisema ila siku moja, akinyoa ndevu, akanitazama kupitia kioo. “Mke wangu, uso huo umeuazima. Siku mwenyewe akija kuudai, naomba nisiwepo.” Kweli hayupo. Alitangulia.

Kisha ikaja siku ya daktari wa figo. Aliniuliza bila kunihukumu, “Mama, uliwahi kutumia krimu za kung'arisha ngozi? Nyingine huwa na zebaki, na zebaki ni adui wa figo.” Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu, ameshika mkoba wangu magotini. Kabla sijafungua mdomo akajibu yeye, tena kwa fahari: “Mama yangu ni mweupe wa kuzaliwa, daktari. Ukoo wao wote.” Daktari akatazama vidole vyangu, akanitazama mimi.

Nikasema, “Chaki.”

Tangu nilazwe kitandani sina wa kumtuma mkorogo, na rangi yangu inarudi polepole, kama mgeni asiye na hakika kama atafunguliwa mlango. Binti yangu anadhani ni ugonjwa. “Maradhi yamekuunguza, mama yangu,” ananiambia, akinipapasa shavu, na mimi ninajipaka poda kabla hajaingia, na sikubali aninawishe uso. Wiki hii mkoba wake ulianguka, likabingirika kopo. Nililijua kwa harufu kabla sijaliona. Ni lile lile langu, wamebadilisha kifuniko tu. Mwanangu anautafuta uso ambao hata mimi sikuwa nao.

Nikifa nitaoshwa, na atakayeniosha ni yeye, na poda itatoka na maji. Nafikiria uso atakaokuwa nao wakati huo, nami sina tena mdomo wa kumweleza. Kila Jumamosi hunisomea ukurasa wako kwa sauti, na akifika kwa mtu mwongo hulitikisa gazeti: “Huyu naye!” Nimejaribu kumwambia, maneno yanafika kooni yanageuka kikohozi, naye ananiletea maji. Basi nitajie tu krimu nzuri ya kukinga jua, nimnunulie, nimwachie walau hiyo.

Mwalimu Mstaafu

*

Shikamoo, mwalimu.

Pole kwa maradhi, na pole kwa miaka yote uliyolala na jambo hili kitanda kimoja. Nitaanza na swali uliloniuliza, kwa sababu ni swali la kweli, na jua halingoji watu wamalize aibu zao.

Krimu anayoihitaji binti yako ni ya uso, nyepesi, isiyo na manukato, yenye namba ya kinga thelathini kwenda juu. Kwa ngozi iliyoumia kama yake, achukue hamsini. Pakiti iseme inakinga miale ya aina zote, maana kile kioo cha ofisini kinazuia ile inayounguza haraka lakini kinaipitisha ile inayochora madoa. Kwa anayewashwa, zenye madini ya zinki huwa na upole zaidi. Majivu anayoyalalamikia yataondoka akichagua yenye rangi ya hudhurungi inayokaribia ngozi yake, na namaanisha ngozi yake, si ile anayoitamani. Tena hiyo rangi yenyewe husaidia kuzuia madoa. Kujiviringa ni kosa la haraka na la kurundika. Apake mafuta mepesi ya kulainisha, kidogo, yakauke. Kisha krimu ya jua, mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili, uso na shingo, bila kusahau masikio. Aiache ikamate, anywe chai yake kwanza. Faundesheni aigandamize kwa sifongo, asiisugue. Poda yenye kinga peke yake haitoshi, hata kama kopo limeandikwa maneno matamu. Mchana ajipake tena, hata ikibidi afute na aanze upya chooni. Na aombe meza isogezwe, au kioo kiwekewe pazia. Hilo halihitaji duka.

Sasa nivumilie, mwalimu. Wewe ni wa kuamkiwa, si wa kukaripiwa, lakini umenitafuta mwenyewe.

Krimu hiyo ukimnunulia leo ataipaka juu ya mkorogo. Ni kufungua mwavuli juu ya nyumba inayowaka moto ndani. Yeye anadhani adui yake ni jua, kumbe anaichuna ngozi yake akifukuza urithi ambao haupo. Wewe peke yako duniani ndiye unayejua kwamba haupo. Daktari hajui. Shangazi zake hawajui. Marehemu mume wako alijua akanyamaza, na sitaki kumsema asiyeweza kujibu, ila ukimya wake haukumsaidia mtoto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; wewe umeshajua hata ni siku gani utaumbuliwa na kwa maji gani, na bado unaniuliza habari za poda.

Ulichokosea si kujichubua tu. Ulikuwa msichana, ukaambiwa na dunia kwamba hufai, ukaiamini. Wengi wetu tuliiamini, na sitakutupia jiwe kwa hilo. Lakini ulicheka walipomwita Masizi. Hapo mwalimu, hapo niliiweka chini kalamu yangu, nikatoka nje kidogo.

Jambo jingine. Anayetaka krimu huenda duka la dawa. Wewe umeandika kwa gazeti ambalo binti yako anakusomea kwa sauti, ukaweka ndani yake chaki, na kioo, na zamu ya usiku. Ulitaka nimwambie mimi. Nilifikiria kuikataa barua yako, nikaona wakati wako ni mfupi, na uso wake bado unaweza kupona. Kwa hiyo nimeichapa. Lakini sitaimaliza kazi yako.

Siku ya kliniki, mwambie daktari ukweli. Chaki hawezi kuitibu. Na binti naye aende kwa daktari wa ngozi akiwa amelibeba lile kopo. Asiiache krimu hiyo ghafla kwa hasira, kwa sababu nyingi zina dawa kali na ngozi ikinyimwa kwa mshtuko huchachamaa. Wampunguzie kwa utaratibu, na figo zake zipimwe pia.

Na sasa wewe, binti, unayesoma kwa sauti. Nadhani “huyu naye” ilikufia mdomoni mahali fulani karibu na ubao wa darasa la kwanza. Usigeuze ukurasa, na usitoke chumbani. Una haki ya kukasirika na hasira yako haitakwisha leo wala kesho, hakuna atakayekunyang'anya. Ila leo mama yako bado anasikia. Kalete bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa laini, mfute uso, taratibu, paji, mashavu, mpaka poda yote itoke. Usimwulize kitu mpaka umalize.

Mwalimu, usimshike mkono kumzuia. Kikohozi kikija, kikohoe, kisha uendelee. Usianze na kopo wala na chuo cha ualimu, huko mtafika. Anza na bibi yake: alikuwa na rangi gani, alicheka vipi, na ni nani katika nyumba hii anayefanana naye mpaka ukaogopa kuwakutanisha.

Binti, mimi nimemaliza. Weka gazeti chini.