Paka Minisitiri na tapi ya baba mkwe

Ijumaa, 8 Novemba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mawingu yameshuka mpaka katikati ya milima, lakini upande wa ziwa kweupe, na upepo unatoka majini. Nimefungua mlango wa mbele na wa uani ili upite katikati ya nyumba. Huu ndio upepo niliouomba.

Mama mkwe anafika leo kabla ya adhuhuri. Kuna dua ya kumkumbuka baba mkwe, na wanawake wa ukoo watakaa sebuleni, juu ya tapi yake, zulia aliloliacha. Kila kitu kiko tayari mapema mno na mikono yangu haina kazi, basi naandika.

Leo itaamuliwa kama Minisitiri atabaki katika nyumba hii.

Minisitiri ni paka wetu. Binti yangu Asha alitaka kumwita Sukari, lakini mume wangu Ramazani alisema mnyama anayekaa kwenye kiti kizuri, anayekula wa kwanza na asiyejibu akiitwa, jina lake linajulikana: ni waziri, minisitiri. Tulimchukua kwa sababu ya panya waliokuwa wakitafuna vitenge vya duka kwenye chumba cha nyuma. Baada ya mwezi mmoja hapakuwa na panya tena. Asha ana miaka sita, na zamani hakuweza kulala kwa sababu ya mchakacho wa darini. Sasa analala usiku kucha, paka akiwa miguuni pake.

Kisha ikaja ile mvua ya mwezi uliopita. Maji yalijaa uani, na sanduku la mchanga la Minisitiri likawa tope. Mimi nilishughulika na magunia, na ndoo, na nguo za kuanika. Sanduku la paka sikulikumbuka. Yeye akatafuta mahali pakavu, na mahali pakavu kuliko pote ni tapi ya baba mkwe, nyekundu, nene, aliyoivusha ziwa mwenyewe kutoka Kigoma akiwa kijana.

Niungame hapa, kwa kuwa hapa ndipo ninapoungama. Siku ya kwanza niliposikia harufu, nilimgombeza Asha. Nilidhani amejikojolea akilala pale mchana. Alilia, akasema si yeye, na mimi sikumwamini mpaka nilipomwona Minisitiri kwa macho yangu, amechuchumaa, ananitazama bila haya.

Nilimwomba Asha msamaha. Amesamehe haraka kuliko nilivyostahili.

Ungamo la pili: nilifanya kile ambacho kila mwanamke wa ukoo huu angefanya. Nilichoma udi. Nilifuta doa kwa kitambaa, nikanyunyiza marashi ya waridi, nikaweka chetezo katikati ya sebule asubuhi na jioni. Wageni walisifu. “Nyumba yako inanukia, Mama Asha!” Nami nilitabasamu kama mtu mwema. Wiki mbili nzima nilifukiza udi, na wiki mbili nzima Minisitiri alirudi palepale, kwa sababu pua yake haidanganywi na udi. Yangu ndiyo iliyodanganywa.

Ijumaa mbili zilizopita mama mkwe alipita kuswali kwetu. Alisujudu. Alipomaliza, alibaki amekaa, akainamia tapi tena, taratibu, kama anayesoma maandishi madogo.

“Mama Asha, hapa chini iko kitu.”

Nilisogeza chetezo karibu.

“Tapi ya marehemu bwana yangu. Minye nisujudu juu ya mikojo ya paka?” Akaomba mkeka wa plastiki, akautandika juu ya tapi, akaswali upya. Alipovaa viatu alisema bila kupandisha sauti: “Nitarudi siku ya dua. Nikisikia tena hii harufu, ule paka anapanda pikipiki, anaenda Makobola kwa shangazi. Akakule ndagala huko.”

Nilimtazama Ramazani anitetee. Alikuna kichwa. “Ule paka ni mufanyakazi wangu,” alisema baadaye, “lakini mama ni mama.”

Asha alisikia yote kutoka nyuma ya pazia. Tangu siku ile amekuwa akilala ameshika mguu mmoja wa Minisitiri.

Basi nilifungua daftari.

Jambo la kwanza niliandika ni hili: hakuna udi tena. Ramazani alishangaa, lakini nilimwambia siwezi kutafuta harufu ndani ya harufu. Siku ya kwanza bila udi nyumba ilinuka vibaya sana, sitaki hata kuieleza. Siku ya pili, asubuhi, kabla ya kupika chochote, nilitambaa kwa magoti kutoka ukuta hadi ukuta, pua chini, chaki mkononi. Nilidhani nina doa moja. Nilichora duara nne. Nilipoinua pembe ya tapi, sponji ya chini nayo ilikuwa imekunywa.

Nilikaa pale sakafuni nikacheka. Wiki mbili nilikuwa napigana na doa moja, na maadui walikuwa wanne.

Nilikata kipande kidogo cha tapi, upande unaoingia chini ya kabati ambao hauonekani, mahali penye duara ya nne. Nikakifunga ndani ya mfuko, nikapanda pikipiki mpaka Kasenga, kwa Papa Selemani anayeuza vyombo vya umeme.

Alikuwa na mashine tatu. Ya kwanza ni ya kunyonya vumbi tu, nikaiacha. Ya pili ndiyo aliyoipenda yeye, ya mvuke, inang'aa kama gari ya harusi.

“Hii ndiyo mwisho wa matatizo, mama. Inachemusha! Hakuna kidudu inabakia.”

“Inachemsha kiasi gani?”

“Mupaka moshi!”

Hapo nilimkumbuka mwalimu wetu wa biolojia. Nilisoma seksyon ya bio-chimie, mchepuo wa biolojia na kemia, na siku moja alichemsha yai mbele yetu akasema: mwone, lilikuwa maji, joto limeligandisha, halirudi nyuma. Nikafikiria mikojo ya paka inapikwa ndani ya nyuzi za baba mkwe. Hapana. Na dawa niliyopanga kununua ina anzime, vimeng'enya vinavyokula uchafu wa mnyama. Anzime nazo zikichemshwa zinakufa.

Nikaomba kuona ya tatu. Ilikuwa pembeni, rangi ya kijivu, haina sura. Inapuliza maji kwenye tapi kisha inayanyonya papo hapo. Ina matangi mawili, moja la maji safi, moja la maji machafu, hayakutani. Nilipenda hilo kuliko lolote, kwa maana mama mkwe haridhiki na harufu peke yake. Najisi inaondoka kwa maji safi, na maji yale lazima yatoke, si kuzama chini. Nikasoma nyuma yake inataka umeme kiasi gani. Jenereta yetu ndogo inaweza kuibeba.

“Ile haina nguvu,” akasema Papa Selemani. “Ni ya watoto.”

“Tujaribu.” Nikafungua mfuko.

Maskini. Alirudi nyuma hatua mbili.

“Eh! Mama! Unaniletea nini mu magazini?”

“Ushahidi.”

“Funga, funga! Wateja watakimbia!” Lakini alikuwa anacheka, na wateja wawili hawakukimbia, walisogea. Tulikiweka kile kipande kwenye beseni, tukatia maji ya uvuguvugu, tukanyonya. Tangi la pili likajaa maji ya rangi ya chai. Mmoja wa wateja, mwanamke mwenye kilemba cha kijani, alisema: “Minye nilizani tapi yangu iko safi. Sasa naogopa kurudia nyumbani.” Papa Selemani akaacha kuisifu ya mvuke. Nilirudi nyumbani na ile ya kijivu mapajani, pamoja na chupa ya dawa ya anzime ambayo lebo yake niliisoma mara mbili palepale dukani, maana ilikuwa imejaa maandishi ya Kifaransa madogo kama chawa.

Jumatano nilianza asubuhi, wakati kuranti, yaani umeme, ina nguvu. Nilijaribu dawa kwanza kwenye pindo, nikangoja, nikafuta kwa kitambaa cheupe. Rangi nyekundu haikutoka. Kisha nikamwagia duara zote nne, nyingi ya kutosha kufika kwenye sponji, kwa sababu mikojo ilifika huko na dawa lazima ifuate njia ileile. Lebo ilisema robo saa.

Baada ya dakika kumi kuranti ikakatika.

Nilikimbilia jenereta. Ramazani alikuwa ameipeleka dukani.

Niliketi mlangoni nikataka kulia. Tapi imelowa, mashine imekufa, siku zimebaki mbili. Halafu nikasoma lebo mara ya tatu. Chini kabisa iliandikwa kwamba kwa uchafu wa zamani, dawa iachwe saa nyingi, na isikauke. Basi nikachukua taulo zote za nyumba, nikazilowesha, nikafunika duara zote nne, juu yake nikatandika plastiki. Minisitiri nilimfungia chumbani. Alipiga kelele kama minisitiri halisi aliyenyimwa gari.

Kuranti ilirudi saa tisa. Nilinyonya. Sijawahi kuona maji kama yale. Nikaweka maji safi, nikapuliza, nikanyonya. Nikarudia mara tatu, duara kwa duara, na kila mara nilijaza chupa tupu moja kwa maji yaliyotoka. Kwa kila duara zilipatikana chupa tatu. Ya kwanza chai. Ya pili kama maji ya mchele. Ya tatu unaweza kusoma daftari kupitia kwayo.

Bila ule umeme kukatika, mimi mwenye haraka ningenyonya baada ya robo saa, nikabaki na nusu ya uchafu. Nimeandika hili kwa wino mwekundu.

Tangu jana tapi ilikuwa juu ya viti vinne, sponji uani, upepo ukipita chini. Alfajiri hii nimepapasa pande zote kwa mgongo wa mkono. Pakavu. Nimepiga magoti, nimeinamisha pua kwenye kila duara.

Sikusikia kitu. Lakini naogopa pua yangu. Imenidanganya mara moja.

Ramazani ameuliza sasa hivi: “Dua bila udi? Watu watasema nini?”

Nimemwambia: watasema watakachosikia.

Jioni.

Alifika saa tano. Alisimama kizingitini, akavuta hewa.

“Mbona nyumba haina udi?”

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Likatoka moja tu: “Nilitaka usikie nyumba yenyewe, mama.”

Kisha akavua viatu, akaingia, na kwa miaka yake sabini na zaidi akapiga magoti. Alama za chaki nilikuwa nimezifuta, lakini alikwenda sawasawa kwenye duara ya kwanza. Akainama. Akaenda mahali pengine, akainama. Wanawake wawili wa ukoo waliokuja naye walisubiri mlangoni. Asha alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vyake.

“Ilipita maji mara ngapi?”

“Mara tatu, mama. Kila mahali.”

“Weye unasema.”

Maneno peke yake hayakumtosha, nikaleta zile chupa. Nilizipanga mbele yake, tatu tatu. Akazishika moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Ya kwanza aliirudisha chini haraka, na mmoja wa wale wanawake akasema “Yallah!” na kujifunika pua ingawa kizibo kilikuwa kimefungwa. Ya tatu aliishika kitambo.

“Na yeye mwenyewe anakojolea wapi sasa?”

“Sanduku nimeliingiza ndani, kwenye bafu. Mchanga mkavu. Nabadilisha asubuhi na jioni.” Kisha nikaongeza, kwa kuwa ni kweli: “Kosa halikuwa lake, mama. Mimi ndiye niliyeliacha sanduku kwenye mvua.”

Muda wa adhuhuri uliingia. Akatia udhu. Mkeka wa plastiki nilikuwa nimeusimamisha nyuma ya mlango, umekunjwa, kama angeutaka.

Aliutazama. Akaupita.

Akasimama katikati ya tapi ya mume wake, akaswali, na alipoweka paji la uso chini nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Alikaa kwenye sijda ya mwisho kwa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, na sidhani ilikuwa habari ya paka.

“Iko harufu ya tapi,” alisema. “Kama siku ileta.” Yaani siku baba mkwe alipoileta nyumbani, imekunjwa begani. Mimi sikuwa nimezaliwa. Sikujua kwamba chini ya udi wote wa miaka ile kulikuwa na harufu hiyo inangoja.

Kisha akapiga makofi mara mbili kama kawaida yake. “Sasa lete chetezo. Udi ni ya nyumba safi.”

Aliufukiza mwenyewe.

Katikati ya dua Minisitiri akaponyoka chumbani. Alipita mbele ya wanawake wote, polepole, mkia juu, akaenda kulala kwenye pindo la kanga ya mama mkwe. Nilitaka sakafu inimeze. Mama mkwe akamaliza aya yake, akasema amina, ndipo akainama kwake.

“Weye,” alimwambia, “umepata mandati ya pili. Usizoee.”

Muhula wa pili, kama mwanasiasa: sebule nzima ilicheka. Asha alitoka nyuma ya pazia akikimbia.

Wameondoka kabla ya magharibi. Mwanamke mmoja amebaki nyuma kidogo kuniuliza kwa sauti ya chini kama ile mashine naweza kumwazima wiki ijayo. Nimemwambia ndiyo, kwa sharti moja: siku mbili kabla sijaja nayo, asichome udi.

Asha amelala. Leo hajaushika mguu wa paka. Amemwacha alale anavyotaka.

Saa tatu na dakika hamsini. Nimepiga magoti mara moja tu, kuhakikisha, na sasa nalala.