Makofi ya Career Day

Molly, hebu sikia. Hii career day ya headmaster wetu Omollo!

Si amewaletea watoto mashine ya kuchuma majani chai, ile ya estate, shamba kubwa la chai. Akapaza sauti, "Kazi yenu ya kesho ndiyo hii! Makofi! Wazazi pia!"

Makofi, Molly! Na nusu ya hao wazazi walifutwa kazi mashine ilipoletwa.

Akamwita Fancy wa Grade Nine aiwashe. Mtoto akaganda. "Mwalimu, si hii ndiyo ilimtoa mama kazini?"

Omollo akajifuta uso kwa leso. Suti mpya imelowa jasho.

Mama Fancy akasimama. Nikajua leo ni matusi. Wapi! Alimwambia mtoto kwa sauti ya chini kabisa, "Iwashe, mami. Jifunze. Lakini mwalimu, mimi usiniambie nipige makofi."